Ng'ombe wa Mahari Katika Mto wa Mchanga

Shikamoo, Mama yangu mpenzi,

Mdogo amesinzia mgongoni, maharage bado hayajaiva, nami nimechoka mpaka magoti yanalalamika. Lakini jana mto wetu ulileta maji, nikakukumbuka, nikacheka peke yangu. Basi nakuandikia, ingawa huko uliko hakuna posta.

Unaikumbuka siku ya mahari yangu? Kiangazi kilikuwa kinaisha, mto ni mchanga mtupu, wingu hakuna. Ulishuka kuteka maji kwenye visima tunavyochimba mchangani, nami nikakufuata kwa kunyatia. Tukawakuta wakwe zangu kutoka upande wa Isaka wamejibanza bondeni na ng'ombe. Wanawanywesha, wanawanywesha tena, matumbo yavimbe, ili wazee wetu wakiwakagua waseme hawa kweli wamenona! Mchumba wangu mwenyewe alikuwa anamkandamiza fahali kichwa kisimani.

Wewe hukucheka. Ulikuwa unatazama mchanga. Maji membamba yenye povu na vijiti yalikuwa yanatambaa kuelekea kisimani, na upepo wa baridi ulileta harufu ya udongo uliolowa. Ukapiga kelele. Ila mkwe hatazamwi usoni, kwa hiyo uliwapa mgongo, ukaipigia kelele miamba:

"We mkwe! Toa ng'ombe! Mto unakuja!"

Baba mdogo wa mchumba wangu akacheka, akakuita mama kwa lugha ya kwao. "Mayu, mto utoke wapi na jua hili? Sema tu umeuona ujanja wetu."

"Ujanja nimeuona, na matumbo nimeyaona! Pandeni ukingoni kwanza, mtanidanganya mkiwa hai!"

Mchumba wangu alitii wa kwanza. Nikasahau aibu ya bibi harusi, nikamvuta ng'ombe mzito kuliko wote mkia, yeye anavuta pembe. Tulipofika juu ukasikika mngurumo kama wa lori za pamba, kisha ukuta wa maji mekundu ukapita na magogo yake pale pale tulipokuwa.

Baba mdogo alikaa chini. "Mayu, omba ng'ombe mwingine, nakupa."

"Nipe mwenye tumbo dogo," ukajibu, bado umewapa mgongo. "Hawa wengine nusu ni maji."

Tulicheka mpaka ng'ombe wakashtuka.

Baadaye jikoni ulinieleza: mvua ilinyesha kule vilimani tusikokuona. Miti imekatwa kupisha pamba, ardhi imekanyagwa na mifugo ikawa ngumu kama sakafu, maji hayana pa kuzama. Yote yanakimbilia mtoni kwa pamoja. "Usiulize wingu la kwako tu," ulisema.

Jana wanangu walikuwa wanacheza mtoni, jua linawaka. Nikasikia ule upepo. Nikawaita.

"Mama, mbona hakuna mvua!" Kabula akanibishia.

"Toka! Utabisha ukiwa huku juu!"

Wakalia, wakaninunia, wakasema mimi mkali. Nilimburuta wa kati kwa mkono, simwachii. Hata machozi yao hayajakauka, maji yakapita. Pale ukingoni nikawaeleza habari za vilima, kama ulivyonieleza.

Jioni waligombania ukoko wa ugali, wote, wanasukumana, wanapiga kelele nyumba nzima. Sikumkemea hata mmoja.

Lala salama, Mama. Huku tupo wote.

Binti yako,
Mama Kabula