Upande wa Ndani wa Kitasa

Mpwa wangu mpendwa,

Kosa wanalofanya wengi wanaoanza kazi hii yetu ni kuuliza kitasa gani ni kigumu kuvunjwa, kabla hawajauliza ni nani atakayebaki ndani mlango ukishafungwa. Nawe umelifanya, tena kwa mwandiko mzuri kabisa. Lakini nisikukosoe kabla ya kukusalimu. Hujambo? Duka linaendeleaje? Na mama yako, dada yangu, anaamkaje siku hizi? Sisi huku hatujambo. Goti langu tu ndilo lenye kiburi, linakubali kupanda ngazi na kukataa kushuka, na mkazamjomba wako anasema siku moja nitabaki huko juu aniletee chakula kwa kamba. Anakusalimu sana.

Mzigo wako ulifika jana. Dereva wa basi aliuleta mpaka mlangoni, akanitania kwamba amebeba vyuma vingi kuliko abiria. Leo anarudi huko kwenu saa sita mchana na ameahidi kupitia jibu, kwa hiyo nimekaa tangu asubuhi mezani karibu na dirisha, vitasa vyako vitatu vimepangwa mbele yangu. Nakuandikia huku nikivifungua kimoja kimoja. Usishangae ukiona alama za grisi kwenye karatasi.

Nianze na kile chenye picha ya jogoo kwenye boksi. Umesema wateja wanakipenda kwa kuwa ni kizito mkononi. Ni kizito kweli, lakini hata tofali ni zito. Nimekifungua, uzito wote uko kwenye ganda. Ndani pini ni chache na springi zake ni nyembamba kama unywele. Aliyekitengeneza anajua kwamba mnunuzi hupima kwa kiganja. Cha pili, cha boksi la buluu, hakina sura ya kumvutia mtu, lakini ulimi wake ni mrefu, unazama vizuri kwenye fremu, na pini zake zimekaa kwa adabu. Weka hicho dukani kwa ajili ya milango ya nje. Ila zile skrubu fupi zinazokuja nacho zitupe, ununue ndefu, maana teke moja likipiga mlango, kinachoachia kwanza ni fremu, na kitasa chako kizuri kitaanguka kikiwa kizima.

Jambo jingine, usichukue vitasa vya katoni moja ukavifunga vyote kwenye jengo moja. Viwanda vya bei nafuu hurudia meno ya funguo. Niliwahi kuitwa na mama mmoja mpangaji, mwalimu, ambaye kila akirudi kazini alikuta kitanda chake kimetandikwa upya. Hakuna kilichoibwa. Siku ya kwanza alicheka, akadhani amejisahau. Baadaye akaanza kukuta mto una joto. Alikonda, akawa analala kwa shoga yake. Kumbe mzee wa ghorofa ya chini, mwenye macho hafifu, alikuwa akipitiliza ghorofa moja, ufunguo wake unakubali, anaingia, anajilaza kidogo, anatandika kistaarabu na kutoka, huku akijiuliza ni nani anayemhamishia kabati lake kila mara. Tulipomweleza, alimlaumu yule mwalimu kwa kuweka mto mgumu.

Sasa aina. Mlango wa nje uwe na ulimi mrefu, ufunguo kwa nje, na kwa ndani kitu cha kuzungusha kwa vidole, bila ufunguo. Choo kiwe na kitasa ambacho mtu wa nje anaweza kukifungua kwa sarafu, kwa sababu watu huzimia chooni. Chumba cha kulala hakihitaji makubwa. Kitasa cha ufunguo pande zote mbili kina mahali pake, nacho ni mlango wa vioo wa duka au ghala, mahali ambapo ukifunga jioni hakuna anayepumua ndani. Mteja akikuomba umfungie kitasa cha namna hiyo chumbani, usimuulize bei anayoitaka. Muulize ni chumba cha nani.

Nafika kwa hiki cha tatu. Nimekiacha mwisho, na nikisema kweli, ni kwa sababu tangu jana sikipendi. Ndicho pekee kilichotumika. Mkazamjomba wako alikishika mara moja akakiweka nje dirishani, akasema kinanuka kama jiko lililozimwa sasa hivi na hataki kilale naye nyumba moja. Nilimcheka. Leo asubuhi nimekirudisha mezani, nikaisoma tena barua yako kuhusu hicho kitasa, na kicheko kimepungua.

Umeandika kwamba ni cha mteja wako, cha mlango wa chumba, na kina ufunguo pande zote mbili. Kila baada ya muda kinakwama, umeshambadilishia mara mbili na vyote vimekufa vivyo hivyo, na unataka nikuambie ni kampuni gani inatengeneza kisichokwama. Umeandika pia, kama mtu anayetaja hali ya hewa, kwamba mteja huyo akirudi jioni husikia mkwaruzo mlangoni, na mkwaruzo hunyamaza pindi anapoingiza ufunguo. Anadhani ni panya, ameweka mtego, lakini mtego haujanasa kitu. Na jirani amemwambia kwamba mchana husikia mtu anaongea na ule mlango, kwa sauti ya chini, kama anayembembeleza mtoto amfungulie.

Nimekigeuza kwenye mwanga. Upande wa nje ni mpya kabisa, rangi haijatoka hata kidogo. Upande wa ndani, bamba limesuguliwa mpaka rangi imetoka na shaba inang'aa, na limesuguliwa mahali pamoja, kwa umbo la kiganja. Kuzunguka tundu la ufunguo kuna mikwaruzo midogo, mingi sana, yote imelala upande mmoja. Panya hakwaruzi hivyo. Mtu anayetumia mkono wa kulia pia hakwaruzi hivyo. Ngoja niweke kalamu chini nikifungue.

Nimerudi.

Nilitoa silinda, nikaigonga juu ya kitambaa cheupe kama nilivyokufundisha. Kilichotoka si vumbi. Zimetoka njiti za kiberiti zilizovunjika ndani ya tundu, nyingi, na zote zimeungua vichwa. Harufu aliyoisikia mkazamjomba wako ilikuwa hiyo. Nilikaa nazitazama nikijiuliza kwa nini mtu achomeke njiti iliyoungua, mpaka nikaelewa kwamba hakuiwasha kwa ajili ya kuchomeka. Aliiwasha aone tundu liko wapi, na ilipomzimikia ndipo akaijaribu kama ufunguo.

Chini ya njiti kulikuwa na ncha ya chuma imenasa kati ya pini. Niliivuta kwa koleo. Mkazamjomba wako alikuwa amesimama nyuma yangu, na yeye ndiye aliyeitambua kwanza, akaniambia taratibu nikae vizuri kwenye kiti. Ni ncha ya sindano ya kufumia, ile ya ndoano, na imetengenezwa kwa spoki ya baiskeli. Dukani haziuzwi za namna hiyo. Niliisaga mimi mwenyewe kwa tupa, ndoano nikaielekeza upande usio wa kawaida, kwa sababu niliyemtengenezea ni mashoto.

Mpwa wangu, huna mteja. Hiki ni kitasa cha chumba cha mama yako.

Sikuandikii nikugombeze. Najua siku ile mama yako alivyotoka na kandambili ukamtafuta siku nzima, ukamkuta amepanga foleni benki, hana kitabu, hana shida ya benki, anasubiri tu zamu yake kwa utulivu. Najua hofu iliyokuingia. Uliponiambia baadaye kwamba ametulia na hatoki tena, nilimshukuru Mungu, wala sikukuuliza ametuliaje. Na jina la mteja umelitumia kwa aibu, si kwa uongo. Mtu mwongo asingenitumia kitasa chenyewe.

Lakini fikiri pamoja nami, polepole, kama tulivyozoea. Dirisha la chumba kile linatazama ukuta na lina nondo. Mchana ni giza, ndiyo maana anahitaji moto aone tundu. Kiberiti sijui amekipata wapi, labda ni kile cha mshumaa unaomwekea umeme ukikatika. Ana shuka, ana pazia, ana nyuzi zake za kufumia kapuni. Anawasha njiti, anainama karibu na mlango, inamuunguza kidole, anaiachia. Mpaka leo zimeanguka pasiposhika moto. Na kitasa hiki kipo mezani kwangu, maana yake mlangoni kwake sasa hivi kipo kingine, na ulivyonisifia uzito wa yule jogoo, naogopa kuuliza ni kipi, maana springi zile nyembamba zikikatika, hata ufunguo wako hautafungua.

Nimekupigia simu mara nyingi, inaita tu. Najua ukiwa kazini unaiacha kwenye droo. Nilitaka nimpigie jirani, nikakumbuka kwamba jirani hana la kufanya. Ufunguo uko mfukoni mwako. Ningekuja mwenyewe na basi hili, lakini limejaa mpaka kwenye ngazi, na nimekata tiketi ya kesho alfajiri. Nitaleta kitasa cha kuzungusha kwa vidole, na kengele ndogo ya kuning'iniza kwenye mlango wa nje, ili akitoka usikie na umfuate, badala ya kumzuia. Tutakaa sote watatu tupange. Akipenda, atakuja kukaa na sisi kwa muda. Mkazamjomba wako ameshaanza kutoa masanduku kwenye chumba cha uani, na hajanitania hata neno tangu tulipoiona ile ncha.

Dereva anapiga honi. Nimemwagiza akupe barua hii mkononi, na akuambie uanze na ukurasa wa mwisho, ingawa nakujua, wewe husoma tangu mwanzo kama nilivyokulea. Msalimie mama. Mwambie kaka yake yuko njiani, na akikuuliza kaka yupi, usimsahihishe, mwambie yule mtengeneza sindano. Wasalimie majirani wote, hasa yule aliyesikia. Mimi ni mjomba wako anayekupenda na ambaye leo hatakula mpaka apate habari yako.

Sasa simama, funga duka, nenda kamfungulie mama yako mlango.