Bi Mwatum na Watafiti

Rahma, acha unachopika usome. Mama mkwe wangu, Bi Mwatum, kaumbuka mbele ya mtaa mzima wa Jadida.

Si wamekuja pale zahanati wale watafiti wanaowahoji wanawake waliopata matatizo ya ujauzito zamani? Bi Mwatum kajipeleka mwenyewe. Kaenda kusikiliza siri za wenziwe tu.

Zamu yake ikafika. Daktari akamuuliza kama aliwahi kupanda presha akiwa na mimba. Akajibu, "Mie? Watoto saba, nimezaa kama mtu anayepiga chafya."

Mzee Talib, mumewe, alikuwa kasimama dirishani. Akasema, "Mimba ya mwanetu Mundhir ulivimba miguu ukavaa viatu vyangu, na bado vikakubana. Ukaanguka kifafa cha mimba, tukakubeba."

Viatu vyake, Rahma. Watu wakaangua kicheko.

Bi Mwatum akasema mzee kashaanza kuchanganya mambo. Basi akapimwa. Mia na tisini kwa mia na kumi. Daktari akamweleza taratibu kwamba aliyepata presha ya mimba yuko hatarini kupanda presha tena, hata miaka thelathini baadaye. Hapo akamtazama mumewe, akanyoosha mkono kupokea dawa.

Dawa kaimeza pale pale. Nikadhani tunaondoka.

Kumbe. Kamshika mkono jirani yake Bi Ghada, aliyekuwa akicheka kuliko wote, kamkalisha kitini. "Mpimeni na huyu. Mwanawe Thuwein kamzaa wa miezi saba kwa ajili ya presha, na akikana niulizeni mie."

Presha ya Bi Ghada ikawa juu zaidi. Kesho wanarudi wote wawili, na tayari wanagombania nani mgonjwa kuliko mwenziwe.