Themanini ya Wodi Nzima

Jumatatu, 14 Machi 1955
Homugadi, wale mgambo wa serikali, wameleta hapa hospitali ya Embu mama mmoja kutoka Manyatta. Jina Wambura, miaka kama arobaini. Ametolewa kambi ya kuhojiwa, na kosa lake ni kutetemeka. Sajini Mbaka anaeleza kwamba aliulizwa kama amekula kiapo cha watu wa msituni, akatoka jasho, mikono ikacheza, macho yakamtoka. Basi ana siri. Nikamuuliza kama kabla ya swali alikuwa hatetemeki. Hakuna aliyeangalia.
Shingoni ana rovu kama yai la bata. Labda nalo ni siri.
Fomu inataka jina la ugonjwa. Dresa Bundi, mhudumu wa wodi, ameandika “woga”. Katika kitabu changu cha namba za magonjwa, kifua kikuu kina namba, hata kuumwa na nyoka kuna namba. Woga wa homugadi haumo. Nimeacha wazi.

Jumanne, 15 Machi
Daktari amepita wodi ya wanawake kwa dakika kumi na mbili. Hagusi mtu, anasoma karatasi iliyotundikwa kitandani. Ya Wambura inasema mapigo ya moyo 80. Akatazama shingo, akaandika “rovu”, akaendelea. Rovu tupu ni 250. Kazi yangu ya ukarani ni kugeuza neno la daktari kuwa namba, kufikiri sikuajiriwa. Nikaandika 250, kwa mwandiko mzuri hata.
Kisha akaondoka kwenda Meru, kurudi Jumamosi. Ameniachia fomu kumi tupu, zimeshatiwa sahihi. Ndiyo desturi yake. Saba za vifo, tatu za kulaza. Mtu anayejua hospitali yake!
Mchana nikapitia karatasi za wodi. Kitanda cha kwanza 80. Cha pili 80. Marehemu Karwirwa wa kitanda cha nne, tuliyemtoa juzi — leo asubuhi 80. Kumbe amepata nafuu.
Nikambana Bundi, maana ndiye anayehesabu mapigo. Saa yake ilichukuliwa kwenye kizuizi cha barabara mwezi wa kwanza. Tangu hapo kila mtu anapewa themanini, namba isiyogombana na mtu. Daktari akijua atamfukuza, na nyumbani ana watoto watano.

Jumatano, 16 Machi
Nimeingia wodini na saa ya mezani ya ofisi, ile ya kengele, ndani ya koti. Nikashika mkono wa Wambura. Mia moja sitini na nne. Nimekosea, nikasema. Nikarudia: mia moja sabini. Ngozi yake moto kama sufuria, blanketi amelitupa chini, mtungi wa maji ameumaliza peke yake.
Hapo kengele ikalia kotini. Wodi nzima ikanigeukia. Wambura akacheka.
“Mwanangu, hata wewe unatetemeka. Angalia wasikukamate.”
Nimesoma kitabu kikubwa cha daktari (kabati halifungi vizuri, si kosa langu). Kuna rovu la kawaida, 250, na kuna rovu la sumu, 252. La sumu likichafuka, moyo unakimbia siku mbili tatu halafu unasimama. Dawa ni aidini na kulala kitandani. Aidini tunayo stoo, chupa tatu.
Jioni Mbaka kaja na barua. Kambini wamesoma 250, si ugonjwa wa kulazwa. Ijumaa saa nne lori linamrudisha kambini. Wamesoma wapi? Kwenye fomu yangu. Mwandiko unasomeka vizuri sana, akanisifu.

Alhamisi, 17 Machi
Simu ya Meru: saa mbili nzima kumpata daktari. Nikamwambia mapigo ya Wambura yamepita mia na sitini. Akauliza nani amehesabu. Nikitaja Bundi, Bundi kwisha. Nikasema mimi. Akanikumbusha kwamba karani hahesabu mapigo, na karatasi inasema themanini. Akakata.
Nimemwomba Bundi asahihishe karatasi moja tu. Akasema:
“Karani, ukifuta themanini moja, zote zinafutika.”
Mimi mwenyewe, Mmeru, pasi yangu ya kukaa Embu inatoka ofisi ileile ya Mbaka. Kwa hiyo ushujaa wangu una kikomo.

Ijumaa, 18 Machi
Saa mbili. Joto la mwili 104 Farenhaiti. Wambura anaita mbuzi wake kwa jina, hanijui tena.
Saa mbili na nusu. Nimetoa fomu moja kati ya zile tatu. Miaka sita hapa, sijaandika neno ambalo si la daktari. Nimeandika: Rovu la sumu, limechafuka. 252. Aidini. Asihamishwe. Chini yake sahihi, imekauka tangu Jumanne.
Bundi alinikuta nikiandika. Akaenda stoo, akarudi na chupa, akahesabu matone ndani ya kikombe, akamnywesha. Kisha akachukua karatasi ya Wambura, akakata ile 80, akasimama anaitazama.
“Nipe hiyo saa,” akasema. Akaanzia kitanda cha kwanza.
Saa nne kamili. Lori limefika, siku hii ndiyo wameamua kufika kwa wakati! Mbaka yuko mbele yangu, anasoma fomu kwa kidole. Amefika chini. Ameuliza daktari aliondoka lini. Jumanne, nikasema. Basi alitia sahihi lini fomu ya leo?
Maana tarehe nimeandika ya leo. Mjinga mimi! Nimeandika na saa.
Ameinua simu, anataka Meru. Naandika haya nimeinamisha kichwa, anadhani najaza rejista. Kule Meru inaita, hakuna anayepokea. Mlango wa wodi uko wazi. Bundi amefika kitanda cha Wambura, anahesabu kwa sauti ili mtu wa lori mlangoni asikie. Amepita mia moja thelathini, na dakika haijaisha.