Kumsomea Mtoto Asiyejua Maneno

Mjukuu wangu Neema,

Marahaba, mama. Huku Kiomboi hatujambo. Alizeti imekauka vizuri, baridi imeanza, na mdogo wako Baraka ameota jino. Ninaye mgongoni, namfumia sweta.

Juzi kwenye simu ulinicheka, ukaniuliza kwa nini namsomea kwa sauti mtoto asiyeelewa hata neno moja. Na mimi niliwahi kuuliza hivyo hivyo.

Nilipokuwa msichana, bibi yangu alikuwa akifuma, mimi namsomea. Yeye hakujua kusoma, na vitabu hatukuwa navyo, kwa hiyo tulisoma vipande vya gazeti walivyotufungia chumvi dukani. Siku moja tukapata habari ya mpira, imechanika kabla ya matokeo. Nikasoma mpaka palipochanika.

"Rudia," akasema.

Nikarudia.

"Rudia tena."

Nikakasirika. "Bibi, mpira wenyewe huujui, na mwisho haupo!"

Hakuinua hata macho kwenye sindano zake. "Mpira wa nini? Mimi nakusikiliza wewe."

Siku ile sikumwelewa. Namwelewa sasa, Baraka anaponyamaza mgongoni nikianza kusoma, na kunivuta kilemba nikiacha.

Kwa hiyo, Neema, usiwe unakata simu haraka eti huna jipya. Nisomee hata maandishi ya kwenye pakiti ya sabuni. Mimi nitakuwa nafuma tu, nasikiliza.

Bibi yako