Mlima Niliomsogezea Mama

3 Machi

Kitindamimba wangu,

Salamu nyingi zikufikie huko ulipo. Mimi mzima, nyumba nzima, hata jirani yetu wa kugongagonga ukuta yu mzima na bado anagonga. Wewe je, unakula? Najua utanidanganya, lakini nijibu tu.

Usinilaumu kwa kuandika badala ya kupiga. Mchana kutwa narusha wagonjwa, nina kelele za helikopta masikioni, nikirudi nyumbani simu naiona adui.

Neno lenyewe ni hili. Ile helikopta ya uongo uliyonifungia chumbani kwako ulipokuja likizo nimeipenda kupita kiasi. Kila jioni nikitoka kazini naikalia, mpaka nimeanza kujiuliza nani atanilipa kwa zamu hii ya pili. Shida ni ramani yake. Nikirudi hospitali kwa kufuata mto, dirishani naona mlima uko mbali kule kushoto, ramani inasema nimeshaugonga. Juzi nikiukwepa huo wa ramani nimegonga nyaya za umeme, nikafa huku nakunywa chai. Tena ramani yenyewe imejaa takataka nyingi, na herufi zake ni kama sisimizi. Wewe watu wanakulipa mshahara kuwachorea ramani za simuleta, hizi helikopta za uongo. Mtengenezee na mama yako.

Mama yako

9 Machi

Shikamoo Mama,

Natumaini hujambo na kile kikohozi kimekuachia. Mimi sijambo. Nakula, na safari hii ni kweli.

Nimeikagua ramani yako. Haikuwa na kosa, ilichorwa kwa vipimo halisi. Mwenye kosa ni aliyeitengeneza ile dunia unayoiona dirishani. Mlima ameurudisha nyuma, mbali na mto kuliko ulivyo. Kuujenga upya mlima wake ni kazi ya wiki nyingi, ila kuusogeza kwenye ramani ni kazi ya mchana mmoja. Basi nimeusogeza kwenye ramani mpaka ukakaa pale ulipo wa dirishani. Sasa dirisha na ramani vinapatana, ingawa vinapatana kwa uongo. Kwa hiyo ramani hiyo ni ya humo chumbani tu, Mama, isitoke hapo. Huku kazini za namna hiyo tunazipiga mstari mwekundu pembeni. Yako sikuiwekea kwa sababu umelalamikia takataka.

Herufi nimezikuza na nyaya za umeme nimezinenepesha. Ukigonga mlima sasa, kosa ni lako.

Mwanao

21 Machi

Kitindamimba wangu,

Hujambo baba? Mimi buheri wa afya, kikohozi kimenikimbia.

Ramani imekuwa ramani. Jana nimeruka jioni nzima bila kufa hata mara moja. Ndiyo maana nasema mikono yako umeichukua kwangu, baba yako alikuwa hawezi kupigilia msumari ukaenda wima. Barua yako sikuimaliza yote, ilikuwa na maneno mengi ya kitaalamu na mafaili yalikuwa yananingoja, nikaifungua ramani moja kwa moja.

Sasa niongezee. Kijani na kahawia vinaniingiliana, msitu na mlima naviona kitu kimoja. Weka njano, weka nyeusi, rangi za kueleweka. Herufi zikuze tena kidogo. Na je, haiwezi kusema? Nikikaribia mlima iniambie, kama makondakta wanavyotangaza vituo. Halafu nifanyie niweze kuifungua kwenye tableti, niwe naitazama hata nikiwa mbali na chumba chako.

Mama yako

2 Aprili

Shikamoo Mama,

Habari za hapo? Mimi nipo, baridi tu ndiyo inanikomesha.

Yote tayari. Rangi nimebadilisha, na sauti nimeweka yangu mwenyewe, nikaona uchoke kunisikia. Ukikaribia itasema, "Mama, mlima mbele." Huku kazini wenzangu wamenicheka mpaka basi, kijana mzima nimekaa namwita mama mbele ya kipaza sauti. Ya tableti nimeiunganisha na mashine yetu ya hapa ili iwe inachukua hali ya hewa ya siku hiyo.

Ila Mama, nenda kwa daktari wa macho. Kazini kwako wanakuita Mwewe. Mwewe gani huyo anaomba herufi za ukubwa wa kiganja?

Mwanao

19 Aprili, asubuhi

Kitindamimba wangu,

Hujambo? Mimi mzima kabisa, na leo naandika haraka kabla ya zamu.

Nikusimulie ujivune. Juzi tuliitwa kumchukua mama mjamzito ng'ambo ya machimbo ya mawe, hali yake mbaya. Kufuata mto kurudi hospitali, ukungu ukashuka hata mto wenyewe siuoni. Mkono wa kulia zipo nyaya za umeme, nikaona nijivute kushoto. Ramani ya kazini nimeiacha mfukoni siku nyingi, herufi zake ni mateso. Mimi natembea na yako, nimeifunga gotini. Nikaitazama, kushoto kweupe, mlima uko mbali. Na wewe mwenyewe kimya, hukusema kitu, nikajua niko salama.

Halafu ukungu ukafunguka kidogo, muuguzi akanishika bega. Miti ilikuwa hapo hapo kwenye dirisha lake, ameniambia majani angeyahesabu. Nikavuta juu. Mama wa watu amefika, amejifungua msichana. Nadhani upepo ndio ulinisukuma. Naomba hiyo sauti yako uifanye iseme mapema zaidi.

Mama yako

19 Aprili, saa moja baadaye

Mama,

Salamu nitakupa baadaye. Usiruke na ramani hiyo. Ifungue gotini, iweke chini, usiitazame tena.

Si upepo. Ule mlima niliusogeza. Nilikuandikia, ni ramani ya chumbani, nimeulinganisha na mlima wa uongo wa dirishani. Pale ramani inapokuonyesha kweupe ndipo mlima wenyewe ulipo. Umempeleka yule mama na muuguzi wako ndani ya mlima na mimi nimekaa kimya gotini kwako.

Nimekupigia, simu imezimwa. Nimepiga hospitali, wa mapokezi anasema uko angani. Nimemwomba akuite kwa redio. Naandika nafuta, naandika nafuta. Nijibu hata neno moja.

Mwanao

19 Aprili, jioni

Mwanangu,

Nipo. Nimeshuka salama, mbingu zilikuwa wazi.

Umenivua nguo mbele za watu. Redio nzima imesikia, "Rubani, mwanao anasema usitazame ramani." Muuguzi amecheka, na mimi nikacheka, nikasema mtoto wangu ana wasiwasi kama kuku wa kutaga. Nimefika hapa nikaikuza barua yako mpaka nikaweza kuisoma, halafu nikairudia ile ya Machi niliyokuambia sikuimaliza. Si mafaili, mwanangu. Nilishindwa kuisoma. Nimekaa kwenye kiti chako. Ile miti, na yule mama nyuma amelala, anashika mkono wa muuguzi.

Lakini tuongee kama watu wazima. Kosa ni la mlima, siyo langu. Urudishe mahali pake, basi yamekwisha. Umesema ni kazi ya mchana mmoja. Herufi ziache kubwa hivyo hivyo, na sauti iache. Mbali naona vizuri, karibu tu ndipo vinanichezea. Umebaki mwaka mmoja nistaafu. Mkuu wa marubani asijue. Nimekubeba mgongoni miaka mingapi, nibebe na wewe mwaka mmoja.

Mama yako

21 Aprili

Shikamoo Mama,

Natumaini umelala kidogo. Mimi sijalala.

Kweli naweza kuurudisha mlima. Nimeshaurudisha, uko hapa kwenye mashine yangu, ramani safi, kila kitu mahali pake. Nilikuwa nimeweka kidole tayari kukutumia. Kisha nikajiuliza, na wakijenga mnara mpya mwezi ujao? Mimi niko mbali huku sitajua, na wewe hutauona. Nitakuwa nimekuweka angani mimi, kwa mkono wangu, na wagonjwa nyuma yako.

Sitakutumia. Nisamehe, sitakutumia. Mwambie mkuu mwenyewe, kwa mdomo wako, ukiwa umesimama wima. Amekujua tangu mkiwa wanafunzi, hatakudhalilisha. Tafadhali Mama, nakupigia magoti.

Mwanao

28 Aprili

Mama,

Shikamoo. Simu hupokei, barua hujibu.

Ile ramani inachukua hali ya hewa kwenye mashine yetu ya hapa, kwa hiyo kila inapofunguliwa naona, na mahali ilipo naona. Jana imefunguliwa asubuhi. Leo imefunguliwa tena, na imetembea kufuata mto. Nimetazama kile kinukta kinakwenda, najua ni wewe, na mlima bado uko mahali pa uongo. Nimekitazama mpaka kilipotua. Sijawahi kuogopa hivyo maishani mwangu.

Nimeizima. Ukiifungua sasa utaona nyeusi tupu. Na nimemwandikia mkuu wako, nimemwambia yote, pamoja na kosa langu. Ukitaka kunikana, nikane ukiwa hai.

Mwanao

6 Mei

Mwanangu,

Naandika kwa herufi kubwa, na bado nakisia baadhi ya vitufe. Utavumilia makosa.

Niliposikia umemwandikia nilisema sina tena mtoto. Nimeyasema kwa sauti, peke yangu, jikoni. Ujue hivyo, sitaki nikufiche.

Mkuu hakunigombeza. Alinitoa nje, tukasimama upande wa pili wa uwanja, akaniambia, "Dada, nisomee namba kwenye mlango wa banda la helikopta." Nikafurahi, nikajua ya mbali siwezi kushindwa. Nikamsomea bila kusita, tarakimu zote. Nikamwambia, unaona sasa, mtoto kaniponza bure. Akanishika mkono kama bibi harusi, tukavuka uwanja, akaniweka kiganja mlangoni. Mlango umepakwa rangi mwezi uliopita. Namba imefutwa. Hakuna kitu pale, mwanangu, ni mabati matupu.

Na mimi niliiona. Usifikiri nilikumbuka, au nilibahatisha nipate kumdanganya. Niliiona, nyeupe, na ile sita iliyochubuka mkia. Nilipotembea kuelekea pale niliendelea kuiona mpaka vidole vilipogusa bati.

Daktari anasema ni presha ya macho, imenila kimya kimya kutokea pembeni. Anasema pale jicho lilipokufa akili haikubali kuacha tundu, inachukua kitu cha zamani inaziba. Nitatiwa dawa ya matone, kilichobaki kitabaki, kilichokwenda hakirudi. Nimemuuliza tangu lini. Ameniambia hajui. Nimekuwa nikishuka juu ya paa la hospitali mwaka mzima nikiwa na uhakika, na sasa sijui ni paa gani nililokuwa naliona. Nikifikiria hilo nashika meza.

Kadi yangu ya urubani nimeikabidhi. Muuguzi amelia, mimi sikulia. Hasira zimekwisha, zimebaki za mchezo tu, utazikuta.

Omba ruhusa uje nyumbani, baba. Leo nimezunguka nyumba nzima nikigusa kila kitu, picha ya baba yako, saa ya ukutani, pazia, kwa sababu sijui ni vitu gani vingine humu ndani ninavyoviona ambavyo havipo.

Mama yako