Najua Kwa Nini Mashine ya Mkwe Wangu Inachonga Mayai, Lakini Nimenyamaza

Mshauri wangu mpendwa, pokea salamu za mwanamke aliyefundisha hisabati hadi chaki ikamea vidoleni, na ambaye leo, badala ya kutoa majibu kama alivyozoea mbele ya hadhara ya wanafunzi, amekuja kwako kuomba jibu moja tu. Naomba msaada, na nikiri mapema kwamba ninaomba huku nikicheka, kwa maana jambo lenyewe limeniletea furaha ambayo sikuitarajia tena katika umri huu, na furaha hiyohiyo ndiyo iliyonitia makosani.

Nilikuja kwa binti yangu kufanyiwa upasuaji wa jicho, jicho likapona, nikakunja nguo zangu, na siku ileile niliyokuwa nikifunga sanduku ndipo lilipoingia boksi la mkwe wangu, zito kiasi cha kubebwa na wanaume wawili, ndani yake reli, mota, nyaya, mikanda na vifuko vya bolti, vyote hivyo vikiwa ni mashine ya kuchonga mbao inayoongozwa na kompyuta, ila bado haijaungwa, kwa kuwa anayeinunua ndiye anayetakiwa kuiunga kwa mikono yake. Mkwe wangu ni muuguzi wa chumba cha upasuaji na hajawahi kuunga hata kigoda. Akaukunjua mwongozo juu ya sakafu ya sebule, akautazama kama mtu anayetazama ramani ya nchi asiyotaka kwenda, kisha akaniambia, "Mama, kabla hujaondoka, nishikie hiki chuma dakika moja tu."

Nikashika, mshauri, na dakika ile haijaisha hadi leo.

Ufahamu kwamba mkwe huyu, tangu amwoe binti yangu, alikuwa akiniamkia kwa kuinamisha kichwa na kutafuta mlango wa kutokea, nami nilimheshimu kwa umbali uleule. Lakini watu wawili hawawezi kushikilia chuma kimoja, huyu upande huu na yule upande ule, nati ikadondoka chini ya kochi wakaitafuta wote kwa magoti, halafu wakaendelea kuogopana.

"Mama, usitikisike."

"Sitikisiki, baba, ni chuma chako kinachotikisika. Tena mimi ni mama mkwe, si jiriwa ya kubania vyuma."

"Jiriwa ningeinunua, Mama. Haina maneno mengi hivyo."

Binti yangu akachungulia kutoka jikoni. "Nyie wawili, sebule yangu mtanirudishia lini? Mgeni akija nimkalishe juu ya mota?"

"Mgeni akija," mumewe akamjibu, "naye atapewa chuma cha kushika."

Siku moja binti yangu akaniuliza kama nimeshapanga tarehe ya safari, nami, ili nisitaje tarehe, nikasimama katikati ya bolti zile, nikatangaza kwa sauti ya kuhutubia kwamba nitaondoka siku mashine hii itakapochonga duara lake la kwanza, mkwe akapiga makofi, nami nikajiona mjanja, kwa kuwa wakati huo hata mguu wa nne ulikuwa haujafungwa.

Hatimaye tukaimaliza. Tukabana ubao mezani, mkwe akabonyeza kitufe, kisu kikalia, maranda yakaruka hadi kwenye rafu ya vitabu, na tulipopuliza vumbi tukakuta badala ya duara kuna kitu kilichorefuka upande mmoja. Mkwe akakiinua kwenye mwanga. "Mama," akasema, "tumetaga!" Tulicheka hadi binti yangu akaja kuzima mashine. Tukajaribu tena, tukataga tena. Akalaumu mota, akabadilisha mikanda, akailaumu kompyuta. Mayai yakaendelea kuja.

Basi alipokwenda kazini nikachukua futi kamba, nikapima fremu kutoka pembe hadi pembe, kisha nikapima ulalo wa pili, nikakuta mmoja unaupita mwenzake kwa upana wa kidole. Na mimi niliyetumia maisha yangu kuwaambia watoto wa watu kwamba mstatili ukisukumwa ubavuni si mstatili tena, nilielewa palepale. Katika kazi ya mkwe wangu hakuna kinachoachwa nusunusu, kwa hiyo kila bolti aliyoiingiza aliikaza papo hapo kwa nguvu zote, na fremu ikavutika upande tangu pembe ya kwanza, ilhali ilitakiwa bolti zote zishikwe kwa vidole kwanza, fremu ipimwe na kunyooshwa, ndipo zikazwe kidogo kidogo kwa zamu. Kuzilegeza na kuzikaza upya ni kazi ya asubuhi moja.

Nikairudisha ile futi kamba kwenye droo, nikaenda kuosha vyombo, tena nikiimba.

Sasa sikiliza kinachonikosesha raha. Jumapili iliyopita mkwe wangu aliingia na lile boksi tupu, akaliweka kando ya mashine, na kwa mara ya kwanza hakunitania. "Mama, mimi sina mkono wa kazi hizi," akasema. "Nitaifungua, nimpe mtu anayeweza." Nikajibu, "Pole, baba," nikatazama pembeni. Nikisema ninachokijua, duara litapatikana na kauli yangu mwenyewe itanirudisha kwenye nyumba ambayo, tangu mume wangu afariki, najua kila friji inapowaka na kila inapozima. Nikinyamaza, kijana huyu ataachana na kitu anachokipenda kwa kosa lisilo la mikono yake. Na binti yangu hajui lolote. Juzi alikuwa akibadilisha mapazia ya chumba ninacholala, akaniuliza ninapenda rangi gani, nikamjibu yoyote, kwa kuwa mgeni hachagui. Nifanye nini?

Ni mimi, Mama Mkwe Mshika Vyuma

Mshauri anajibu:

Mama yangu, shikamoo. Ukishaipokea, keti vizuri, maana yanayofuata ni makaripio.

Nimecheka sana, sikufichi. Pale mkwe wako aliposema mmetaga nililazimika kuweka kalamu chini. Wahenga walisema mgeni wa siku ya tatu apewe jembe, nawe ulipewa chuma ukiwa bado unafunga sanduku, ishara kwamba ugeni wako ulikwisha mapema kuliko ulivyodhani. Pole pia kwa nyumba inayokusubiri kimya. Upweke si aibu, na anayeukimbia hana kosa.

Ila kosa unalo. Halimo katika kutaka kubaki. Limo katika kumwacha kijana wa watu aamini kwamba mikono yake ni mibovu, ilhali umepima mwenyewe na unajua kilichopinda ni fremu. Ungemkuta shuleni kwako mwalimu anayelijua jibu na kumtazama mwanafunzi akijidharau, ungemwita pembeni. Basi jiite, na ujifokee kwa kadiri ya miaka uliyofundisha.

Tena mkwe wako alikaza bolti kabla ya kupima, nawe, mwanahisabati, ukaikaza kauli ya kuondoka kabla ya kumuuliza yeyote. Nani amekufukuza, Mama? Nimeisoma barua yako mara mbili nikimtafuta, sikumwona. Binti yako aliuliza kama umepanga tarehe; hakukupangia. Na mtu hamchagulishi mgeni anayefunga virago rangi ya mapazia. Sitaapa kwamba ninayajua yaliyo moyoni mwake, lakini alikuachia mlango wazi, nawe ukaufunga kwa neno "yoyote", kisha ukakaa nje ukisikitika kwamba umefungiwa.

Sasa sikia la kufanya. Usimfuate mkwe peke yake pembeni, maana hili si la wawili. Subiri siku ambayo wote wawili wapo nyumbani, baada ya chai, waite mezani. Na uanze na ombi, usianze na kasoro. Ninasisitiza mpangilio huo kwa sababu nimekuona katika maandishi yako: ukianza na habari za pembe na ulalo, mkwe ataruka kutafuta spana, mtacheka, kicheko kitalifunika ombi lako, nawe utafurahi kwamba limefunikwa. Sema hivi, bila hotuba: "Wanangu, napenda kukaa nanyi. Naomba niendelee kukaa." Kisha nyamaza uwaachie nafasi ya kujibu, ukimya wa namna hiyo nakuruhusu.

Wakikubali, kubaliana nao palepale mambo ya kawaida ya nyumba, pamoja na lini sebule itarudi kuwa sebule. Wakiwa na sababu ya kukataa, utaumia, lakini utaumia ukiwa umejibiwa, na utakwenda kwako ukiwa na haki ya kuwaalika. Kwa vyovyote vile, jibu lao lisiwe bei ya siri yako. Wakikubali au wasikubali, neno la pili ni lilelile: "Baba, kosa si mikono yako. Nililijua nikanyamaza, kwa kuwa nilitaka mashine isiishe. Nisamehe." Akinuna, mwache anune kidogo, ana haki. Ila mtu aliyeita duara baya yai sidhani kama ananuna muda mrefu.

Halafu usimrekebishie. Mpe futi kamba aipime fremu mwenyewe, aione tofauti kwa macho yake, azilegeze bolti kwa mkono wake. Wewe shika chuma kama kawaida yako.

Na miwani ya kukinga macho na maranda mtaivaa baadaye, kisu kitakapoanza kulia. Haya maneno ya kwanza yaseme ukiwa huna kitu usoni, mkitazamana machoni.