Kibodi ya Mikono Midogo

Jumatatu, 6 Juni 2005

Kurasa mbili tu tangu asubuhi. Kifundo cha mkono wa kushoto kimevimba tena. Kidole kidogo kinawaka hadi kiwikoni. Kijitabu changu cha kutetea malisho ya Kakesio kinasubiriwa. Kaka yangu na ng'ombe wake wako huko, mkutano wa wafugaji ni mwisho wa mwezi, na sura ya mwisho, ile yenye meno, bado iko kichwani.

Daktari kaniambia nipumzike. Nimemuuliza kama wanaochora mipaka ya malisho nao wamepumzika. Kacheka, kashika viganja vyangu. "Mwalimu, hii ni mikono ya mtoto wa darasa la nne. Hiyo kibodi yako si saizi yako." Niliacha kufundisha zamani, lakini Karatu hawasahau cheo.

Ni kweli. Mwenye mkono mkubwa anatandaza vidole tu. Mimi narusha mkono mzima, kama mbuzi anayerukia jani la juu.

Halafu kuna hili la A. Kiswahili hakitembei bila A. Waliopanga herufi walipanga kwa lugha yao, A wakaibwaga chini ya kidole kilicho dhaifu kuliko vyote. Wafugaji. Malalamiko. Haramu. Hata vitufe tumepangiwa na wasiotujua.

Jumatano, 8 Juni

Nimeshindwa. Nilimpelekea Glory, mpiga chapa wa duka la steshenari karibu na stendi, sura ya mwisho niliyoiandika kwa kalamu, kwa tabu. Leo kairudisha. Safi, imenyooka. Na imekufa. Kila nilipoandika *wanatunyang'anya*, yeye kaweka *wanatuhamisha*.

"Mwalimu, lile neno kali. Na watu wa ofisini wanakuja kupiga chapa hapa hapa."

"Neno ni langu, Glory."

"Na duka ni langu, Mwalimu."

Nimechukua karatasi zangu. Simchukii. Namchukia anayeweza kumtisha bila kufungua mdomo. Mtu huhama hata kwa hiari yake, akafanya na sherehe. Anayenyang'anywa hana sherehe.

Basi nitaandika mwenyewe au kisiandikwe. Nahitaji kibodi nyingine.

Ijumaa, 10 Juni

Mhasibu wa loji moja, njia ya kwenda geti la hifadhi, kaniazima kibodi iliyopasuliwa katikati, imeinuka kama nundu. "Hii ndiyo ya afya, Mwalimu. Wazungu wote wanatumia."

Afya ya nani? Nikiweka kidole cha shahada kwenye herufi za katikati, kidole kidogo kinaning'inia hewani. Kufikia kitufe cha kufuta, mpaka nisogeze kiti. Upande wa kulia kuna shamba zima la namba nisizozihitaji, linaisukuma mausi mbali hadi bega linalia. Aliyekibuni kitu hiki hajawahi kushikana mkono na mwanamke wa kimo changu.

Nimeirudisha. Nilisema asante.

Jumapili, 12 Juni

Nilimwagiza Massawe, anayeendesha watalii na kushuka Arusha kila wiki. Nilimwambia: kibodi, ndogo kabisa, ya mikono midogo. Leo baada ya ibada kaleta boksi.

Kinanda. Cha watoto. Kina betri na picha ya tembo.

Bila shaka. Kwa watu wa kanisani kibodi ni ile ya kwaya, ipo nyingine? "Ndiyo ndogo kuliko zote, Mwalimu," kasema kwa fahari, "na inajipiga yenyewe."

Mume wangu kacheka hadi kakaa chini. Halafu kapiga pambio kwa kidole kimoja. "Mama Upendo, hicho kijitabu kiimbe tu!"

Sikucheka. Nilimwambia Massawe maneno mabaya mbele ya watu. Kaondoka na kofia mkononi. Siombi radhi leo. Leo nina hasira na kila mwenye mikono.

Jumanne, 14 Juni

Nimeshuka Arusha mwenyewe. Muuzaji, mtu mzima mwenye kitambi, ananiinulia kibodi kubwa tu. "Hii ina vitufe vingi, mama." Kana kwamba nanunua ekari.

Nikamwambia aziunganishe na kompyuta yake moja moja, niandike neno lile lile. *Wanatunyang'anya*. A zote chini ya kidole kidogo cha kushoto, na ile alama ya ng' chini ya kidole kidogo cha kulia. Neno hilo linatesa pande zote mbili. Kibodi inayoliweza, inaweza lolote.

Kubwa zote zimeanguka. Mwisho kaifuta vumbi moja nyembamba, fupi, haina lile shamba la namba, vitufe vyake vimekaribiana na vinabonyea kwa mguso. Nikaandika. Kifundo hakikupinda.

Muuzaji kasoma kioo. "Mama, nani hao wanaowanyang'anya?"

"Wakubwa."

"Aisee. Lakini hiyo si ya kazi kubwa. Hiyo wananunuliwa watoto."

"Nipe ya watoto."

Alhamisi, 16 Juni

Bado maumivu. Meza iko juu mno. Nimelaza kibodi kwenye ubao juu ya mapaja, nimekunja vile vimiguu vyake vya nyuma, viwiko vikashuka. Afadhali.

Lakini haitaki kupigwa. Ukiigonga kwa hasira inatoa herufi mbilimbili. Wwaannaa. Nimeitukana Kiswahili na Kimasai. Haikujali. Nikaanza upya, polepole, kama anayegusa jeraha la mtu mwingine.

Jumamosi, 18 Juni

Ukungu umeshuka kutoka msituni, haujaondoka. Sura imekwisha kabla ya chakula cha mchana. Neno lipo kila mahali lilipotakiwa kuwapo.

Kidole kidogo kimebaki na ganzi. Daktari anasema huenda hakitarudi kuwa kama zamani.

Baba Upendo kachungulia mlangoni, kikombe mkononi.

"Sikusikia ukigonga, nikadhani umelala."

"Naandika."

Kabaki amesimama kidogo, anasikiliza. Kisha kaweka chai, kafunga mlango.